Pakiti moja ya ORS, lita moja ya maji

ORS ni nini?
Ni glukosi, chumvi ya kawaida, chumvi ya potasiamu na sitrati. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha. Haiui wadudu wala haifungi choo.

Nikiikoroga nzito si inafanya kazi haraka?
Hapana. Hapa Tanga, kila tunapoletewa mtoto aliyelegea, nauliza ilikorogwa vipi. Mara nyingi jibu ni lile lile: pakiti nzima ndani ya chupa ya soda, ile ya mililita 350, "ili iwe na nguvu". Mama, umempa mtoto kitu cha kumkausha.

Imkaushe vipi, na ni maji?
Molekuli za maji hazitulii, zinapita kwenye ukuta wa utumbo kwenda na kurudi. Kunakozidi chumvi na sukari ndiko maji mengi yanakoelekea, kama chumvi inavyovuta maji kwenye samaki wa ng'onda. ORS iliyokorogwa sawasawa ina miliosmoli (kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka) 245 kwa lita, na damu ina kati ya 275 na 295. Kwa hiyo maji yanatoka utumboni yanaingia kwenye damu. Ukikoroga kwenye chupa ya soda unafika 700. Hapo maji yanatoka kwenye damu yanaingia utumboni, mtoto anaharisha zaidi, na chumvi inapanda kwenye damu kiasi cha kuweza kumletea degedege.

Kwa nini glukosi, si chumvi peke yake?
Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu mbili pamoja na glukosi moja, na maji yanafuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza safari hiyo ya pamoja mwaka 1960, Prague. Hata mtoto anapoharisha sana, mlango huo kwa kawaida unaendelea kufanya kazi.

Basi nigawe pakiti, nusu leo nusu kesho?
Usigawe kwa macho. Soma pakiti: ikisema lita moja, chukua chupa ya maji ya lita moja, ijaze maji safi na salama, mimina yote. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga.

Madafu au soda je?
Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, halichukui nafasi ya ORS. Soda ina sukari kupita kiasi. Usimpe.

Anatapika kila nikimpa.
Subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu. Aliye chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Ziwa la mama lisikatizwe, hata bibi akisema tumbo lipumzishwe. Uliza zahanati kuhusu vidonge vya zinki.

Niongeze pakiti ya pili kwenye maji yale yale akizidi kulegea?
Hapana, hapana! Kulegea si dalili kwamba ORS ni nyepesi. Macho yakibonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hanywi, ana damu kwenye choo, au hajakojoa muda mrefu: mpeleke kituoni sasa hivi, usiku au mchana. Njiani endelea kumpa ORS ya lita moja, kijiko kwa kijiko, kama anaweza kumeza.