Betri ya mizinga ni nini?

Ukisema betri, wengi watawaza redio au gari. Askari wa mizinga ana betri nyingine: kikosi kidogo kinachojitegemea, chenye mizinga yake, watu wake na, enzi zile, farasi wake.

Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), betri ya majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kulinda utumwa, kwa kawaida ilikuwa na mizinga minne chini ya kapteni mmoja. Kuufyatua mzinga mmoja kulitaka watu kadhaa. Huyu anasukuma baruti na tufe ndani, yule ameziba tundu la nyuma kwa kidole gumba kilichovikwa ngozi, kwa maana upepo ukipenya na cheche imebaki humo, mshindiliaji anaweza kupoteza mkono. Mwingine anangoja amri avute kamba.

Betri nyingi ziliundwa na vijana wa mji au wilaya moja, ndugu na jirani. Ya Rockbridge, Virginia, ilianza 1861 mjini Lexington, na kapteni wake wa kwanza, William Pendleton, alikuwa kasisi. Mizinga yao minne waliipa majina: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Injili gani hiyo ya kuhubiriwa kwa moto, sijui! Mizinga hiyo ipo hadi leo katika chuo cha kijeshi cha Virginia, hapo hapo Lexington.

Septemba 17, 1862, katika mapigano ya Sharpsburg, Maryland, betri hiyo ilipondwa vibaya. Kapteni wa wakati huo akaenda kwa Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini pale, kupokea amri. Askari mmoja asiye na cheo, uso umejaa masizi ya baruti, akamsogelea jenerali. Lee hakumtambua mpaka kijana alipofungua kinywa: ni Robert, kitinda mimba wake wa kiume. Aliuliza kama watarudishwa vitani. Baba akajibu ndiyo.

Betri huacha wazao wa namna mbili. Wapo wa damu, ambao wana vyama vyao tangu miaka ya 1890. Halafu kuna kikosi kinachorithi kikosi. Washington Artillery ya New Orleans, iliyoanzishwa 1838, ikiwa upande wa Kusini, iliwapiga mizinga askari wa Marekani katika mapigano ya Gettysburg, 1863. Mrithi wake, kikosi cha 141 cha mizinga cha Walinzi wa Taifa (jeshi la akiba) wa jimbo la Louisiana, alipelekwa Iraki mwaka 2004 akiwa amevaa sare za Marekani hiyo hiyo.