Je, Wajua? Ni Wanawake Gani Waliokuwa Hatarini Zaidi Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865 baina ya Kaskazini na majimbo ya utumwa ya Kusini yaliyojitenga, vimeacha katika fikra za wengi taswira ya bibi mwenye shamba la pamba huko Kusini, ambaye mumewe yuko vitani na majeshi ya Kaskazini yanaukaribia ua wake. Hofu ya bibi huyo haikuwa ya kubuni. Mji wa Kusini wa Vicksburg ulipozingirwa kuanzia Mei hadi Julai 1863, familia zilihamia kwenye mapango yaliyochimbwa vilimani ili kuyakimbia makombora ya mizinga.

Tatizo ni kwamba taswira hiyo imemfunika mwanamke mwingine aliyeishi uani mwa bibi huyo, mtumwa wake, na ni yeye aliyekuwa hatarini zaidi. Hofu ya bibi ilitungiwa hata sheria: Oktoba 1862 serikali ya Kusini iliruhusu mzungu mmoja asiende jeshini kwa kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi, kwa kuwa watu waliogopa watumwa wangeasi na kuwavamia wanawake walioachwa peke yao. Maasi makubwa ya namna hiyo hayakutokea. Kwa mwanamke mtumwa, wa kuogopwa alikuwa kwanza bwana wake, na vita vilipofika akaongezeka askari, awe wa Kusini au wa Kaskazini.

Kwa nini basi ilisemwa kwa miaka mingi kwamba ubakaji ulikuwa nadra katika vita hivyo? Wavu wenye macho makubwa hauleti dagaa, na asiyejua anaweza kuutazama na kudhani kwamba ziwani hamna dagaa kabisa. Kumbukumbu za mahakama ni wavu wa namna hiyo, kwa sababu hunasa tu kile ambacho sheria imekubali kukiita kosa, tena kikisemwa na mtu ambaye sheria imekubali kumsikiliza. Katika majimbo ya utumwa, mtu mweusi kwa kawaida hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na kumbaka mwanamke mtumwa hakukuhesabiwa kuwa jinai. Mwaka 1859 mahakama ya juu ya Mississippi ilifuta hukumu ya mtumwa aliyetiwa hatiani kwa kumbaka msichana mtumwa asiyetimiza miaka 10, si kwa sababu tendo lilikanushwa, bali kwa sababu hapakuwa na sheria iliyomlinda mtoto huyo.

Mwaka 1863 macho ya wavu yalipunguzwa. Machi, bunge la Marekani lilizipa mahakama za kijeshi uwezo wa kuwahukumu askari kwa ubakaji wakati wa vita, na Aprili Rais Lincoln akaidhinisha kanuni za vita zilizoandikwa na Francis Lieber, profesa mzaliwa wa Ujerumani ambaye zamani, akiishi South Carolina, aliwahi yeye mwenyewe kumiliki watumwa. Kanuni hizo ziliagiza wakazi walindwe, hasa wanawake, zikauwekea ubakaji adhabu ya kifo, na zikatamka kwamba mtumwa wa adui anayefika chini ya ulinzi wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, ni mtu huru papo hapo. Matokeo yake ni jambo ambalo miaka mitatu kabla lisingewezekana kabisa: wanawake weusi walisimama mbele ya maofisa, wakaapa, wakawataja askari wazungu waliowashambulia, na baadhi ya askari hao wakatiwa hatiani.

Haifai kulikuza badiliko hilo kupita kiasi. Waliofika mahakamani ni wale tu walioweza kumfikia ofisa aliye tayari kusikiliza. Tena Kentucky, jimbo la utumwa lililobaki upande wa Muungano, watumwa hawakuwa wa adui, kwa hiyo ahadi ya uhuru haikuwahusu. Novemba 1864, katika kambi ya Camp Nelson, jeshi liliwafukuza kwenye baridi kali wanawake na watoto wapatao 400, wengi wao jamaa za askari weusi waliokuwa wakilitumikia. Askari Joseph Miller aliapa kwamba alimweleza mlinzi kuwa mwanawe wa miaka saba alikuwa mgonjwa na angekufa akitolewa nje. Usiku alitembea kama maili sita kuitafuta familia yake, akamkuta mtoto amekwisha kufa, na kesho yake akarudi kumchimbia kaburi kwa mikono yake. Waliokufa kutokana na kufukuzwa huko walikuwa 102. Habari hizo zilipofika Washington ziliamsha hasira, na tarehe 3 Machi 1865 bunge likawapa wake na watoto wa askari weusi uhuru wao.

Vita vilipokwisha, mwanamke mweusi hakunyamaza tena. Mei 1866 umati wa wazungu, wakiwemo polisi, uliwashambulia watu weusi wa mji wa Memphis, huko Kusini, kwa siku tatu na kuua 46 kati yao. Wanawake weusi watano walieleza mbele ya kamati ya bunge la Marekani jinsi walivyobakwa, na maelezo yao yakachapishwa katika ripoti rasmi mwaka huohuo, ingawa hakuna mshambuliaji hata mmoja aliyefikishwa mahakamani.