Nyumba ya ukoo ni ya nani?

Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya mbao, na wengi huniuliza dawa ya kuzuia kuoza. Kwa nyumba za koo za Watlingit, wenyeji wa asili wa kusini-mashariki mwa Alaska, Marekani, mimi huanza na mwenye mali.

Watlingit wana pande mbili, Kunguru na Tai. Mtoto huingia ukoo wa mama yake, na kwa mila mtu huoa upande wa pili. Kila nyumba ina jina lake, na nguzo za ndani huchongwa nembo za ukoo. Nembo hizo ni za ukoo mzima, waliokufa na watakaozaliwa wakiwemo, kwa hiyo hata mkuu wa nyumba hana ruhusa ya kuziuza. Wajenzi hutoka upande wa pili, nao hulipwa hadharani kwenye karamu, mbele ya mashahidi.

Tazama yaliyotokea Klukwan, kijiji cha Watlingit. Mwaka 1984 nguzo nne za Nyumba ya Nyangumi, pamoja na kiambaza chake kikubwa cha nakshi, ziliondolewa kijijini ili ziuzwe, ingawa sheria ya kijiji ya mwaka 1976 ilikataza. Zikakaa ghalani Seattle huku kesi ikiendelea. Mwaka 1993 mahakama ya kijiji chenyewe iliamuru zirudishwe, na mwaka uliofuata zikarudi. Kwangu mimi, miaka ile ya ghalani haikuwa uhifadhi, hata kama mbao hazikuoza.

Mji wa Wrangell, kusini-mashariki mwa Alaska pia, una nyumba ya ukoo iitwayo Nyumba ya Chief Shakes, iliyojengwa upya mwaka 1940 na kufunguliwa tena mwaka 2013 baada ya ukarabati mkubwa. Mvua za pwani ile hazina huruma. Hata mwerezi mwekundu, wenye kinga yake ya asili, huoza unapokaa na unyevu. Mafundi, wanawake wakiwemo, walichonga mbao mpya kwa tezo. Pitisha kiganja juu ya ubao wa namna hiyo: utahisi vijibonde vidogo vimepangana safu kwa safu, kila kimoja pigo moja la mkono. Mashine huacha ubao mtupu.

Nguzo za kale zimo kwenye makumbusho ya mjini. Ndani ya nyumba zimesimama nakala. Wapo wenzangu wanaosema nyumba hiyo imepoteza uhalisia. Sikubaliani nao hata kidogo. Nguzo ikichongwa na wanaostahili kuichonga, kwa idhini ya wenye nembo, ni nguzo ya nyumba ile.