Tovuti za kuhakiki habari zina upande? Soma kwanza kabla hujatuletea malalamiko

Malalamiko yanayoingia kwetu siku hizi yamebadilika sura. Zamani mtu alikuwa analeta taarifa anauliza ni ya kweli au feki, sasa hivi analeta uhakiki wenyewe alafu anasema hawa wamenunuliwa. Na ukiangalia vizuri unakuta uhakiki huo huo umelalamikiwa na watu wa pande mbili, kila mmoja anaona mwenzake ndo kapendelewa.

Tuelewane jambo moja. PesaCheck, Africa Check, JamiiCheck na wengine wa aina hiyo sio idara za serikali wala sio mahakama. Wakiandika "si kweli" hakuna anaekamatwa kwa sababu hiyo. Na posti yako ya Facebook ikikosa watu baada ya kuwekewa lebo, aliepunguza ni Meta, kampuni yenye Facebook, mhakiki hana hiyo batani. Hili tumelirudia sana jamani.

Sasa swali lenyewe. Binadamu asie na upande moyoni hayupo, kwahiyo uliza upande huo unaingilia wapi kwenye kazi, na mara nyingi unaingilia mapema, pale mtu anapochagua kauli ipi aihakiki na ipi aiache. Mwaka 2018 mtafiti Chloe Lim wa Marekani alilinganisha PolitiFact, tovuti ya uhakiki ya kule kwao, na safu ya uhakiki ya gazeti la Washington Post, akakuta ni mara chache wamehakiki kauli moja, na pale walipokutana walielewana kwenye uongo wa wazi na ukweli wa wazi, ila kwenye zile za katikati, nusu kweli na ndugu zake, kila mtu na lebo yake. Kwahiyo ukiona "si kweli" kwenye picha iliyochezewa, usipoteze bando kubishana. Ukiona "inapotosha" au "imetiwa chumvi", hapo soma mpaka mwisho, kwasababu hapo kuna maamuzi ya mtu.

Hela nazo zina njia zake. Meta ilianzisha mpango wa kushirikiana na wahakiki Desemba 2016, baadae ikawa inawalipa, na tarehe 7 Januari 2025 bosi wake Mark Zuckerberg akatangaza kuuondoa mpango huo Marekani akisema wahakiki wana upendeleo wa kisiasa. Watu wengi wameikamata hiyo kauli kama ushahidi. Lakini ndani ya mpango huo huo Meta yenyewe ndo iliweka kwamba maneno ya wanasiasa yasiguswe! Yani mlipaji anachora mipaka, alafu lawama anabeba mlipwaji.

Kuna na suala la takwimu. Mhakiki wa bajeti au elimu anategemea sana namba rasmi, na hapa Tanzania mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, 2019 ikalegezwa. Sisi kwenye hilo hatutoi maoni. Ila msomaji akiona uhakiki una chanzo kimoja tu na chanzo hicho ndo kinachozungumziwa, ana haki ya kuuliza.

Utaratibu wa kulalamika sasa, maana hapa ndo mnapokosea. Hatua ya kwanza unaandika kwa tovuti yenyewe, sio kwetu. Weka linki (skrinshoti peke yake haitoshi, tena mnazikata mpaka tarehe haionekani), nukuu sentensi unayoipinga, moja au mbili, sio "habari yote ni uongo", alafu ambatanisha ushahidi wako. Wakirekebisha, marekebisho yanatakiwa yaonekane kwenye ukurasa ule ule. Wakikaa kimya, angalia kama wamesaini kanuni za IFCN, mtandao wa wahakiki wa dunia uliopo Taasisi ya Poynter kule Florida. Orodha iko wazi na waliosaini wanakaguliwa na mtu wa nje, kanuni ni tano: kutopendelea, uwazi wa vyanzo, uwazi wa fedha, uwazi wa namna wanavyofanya kazi, na kurekebisha makosa. Kama wamesaini, lalamiko lako kwa IFCN liseme ipi imevunjwa. "Wamemchafua mheshimiwa wetu" sio kanuni.

Tovuti haijasaini, haionyeshi nani anailipa, na haijawahi kurekebisha chochote? Basi isome kama gazeti la chama.

La mwisho, zimezuka picha zenye nembo za wahakiki ambazo wahakiki hawakuzitengeneza. Anaezichapisha mtandaoni huku akijua ni uongo na nia yake ni kupotosha umma, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inasema faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Isiyopungua. Tunaandikiwa kila mara "si ni mpaka milioni 5 tu", hapana, hapo ndo inapoanzia. Uliyeforwadiwa na una mashaka, ingia kwenye tovuti ya mhakiki mwenyewe utafute kichwa cha habari, usipokiona usiisukume kwenye magurupu, na admin akikuuliza mwambie hivyo hivyo.