Roboti ya Kuhifadhi Meseji za Chaneli: Faili Ukilitengeneza, Unawajibika Nalo

Malalamiko haya yanazidi kutufikia: mtu kafuta meseji yake kwenye chaneli, baadaye anaikuta imesambaa kwingine neno kwa neno, jina na saa vipo. Ukifuatilia, admini aliweka roboti, yaani programu inayojiendesha yenyewe ndani ya chaneli, ya kuandika kila meseji kwenye faili la txt. Nia yake ilikuwa nzuri, alitaka kumbukumbu zisipotee, na kwa hilo hatumlaumu.

Ila hii hoja ya maadmini ya "kwani meseji si kila mtu alishaziona?" tumeichoka jamani. Kuonwa na wanachama si ruhusa ya kunakiliwa. Roboti ikishaandika mstari kama "18:42 | jina | nimelazwa tangu jana", mwenyewe anaweza kufuta kule kwenye chaneli mpaka achoke, faili halina habari, labda uwe umeipangia roboti, pale mtandao unaporuhusu, isikilize meseji zinazofutwa na iondoe mistari yake. Na ili ijue mistari ya kuondoa ni ipi, uhifadhi namba ya meseji na ya mtumiaji, manake majina watu wanabadilisha kila leo.

Na usichukue zaidi ya unachohitaji. Kwenye Discord, mtandao wa kuchati, tangu 2022, roboti iliyofika seva (yaani jumuiya) 100 lazima iombe kibali cha kusoma maudhui ya meseji. Telegram nayo, roboti kwenye grupu kwa kawaida inaona amri na majibu iliyoelekezewa, basi, hadi uzime hali ya faragha, ile inayoizuia kusoma meseji nyingine, au uipe uadmini. Wengine wanayazunguka masharti haya kwa kutumia akaunti yao binafsi kama roboti, na Discord wanakataza, akaunti inaweza kufungwa.

Sasa sheria. Chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018, mambo ya kifamilia na binafsi kabisa hayaguswi, lakini kampuni au chama kinaguswa. Mwanachama akiomba nakala ya data zake au zifutwe, unajibu ndani ya mwezi mmoja, unaweza kuongeza miwili ombi likiwa gumu ila umwambie, pamoja na sababu, kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Faili likivuja una saa 72 tangu ulipojua kuijulisha mamlaka ya ulinzi wa data, isipokuwa kama hakuna uwezekano wa madhara kwa wahusika, na hatari ikiwa kubwa wahusika wenyewe unawaambia pia. Kutotoa taarifa, faini inaweza kufika euro milioni 10 au 2% ya mapato ya mwaka duniani kote. Kukanyaga haki zao, milioni 20 au 4%, kiwango kinachozidi ndicho kinachoangaliwa. Si kila kosa linafika huko, msitishike.

Kabla ya kuiwasha, bandika tangazo juu ya chaneli: nini kinahifadhiwa, kwa muda gani, nani wa kumuomba afute. Tokeni ya roboti, ile nywila yake ya kuiendeshea, isikae ndani ya msimbo (maandishi ya programu) unaoupandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana misimbo, atakayeiokota ataiendesha roboti kama yake. Ikishavuja, kufuta ule mstari hakusaidii, toa tokeni mpya ili ya zamani ife.