Magofu ya monasteri ya Nendrum: dhana potofu na ukweli

Nendrum, makao ya kale ya watawa wa Kikristo, iko kisiwani Mahee, ndani ya ghuba ya Strangford, Ireland ya Kaskazini. Pamebaki gofu la kanisa dogo, kisiki cha mnara wa duara, na kuta tatu za mawe zinazozungukana.

"Kisiki kile ni tanuri la chokaa." Ndivyo ilivyodhaniwa mpaka 1844, mtafiti wa mambo ya kale William Reeves alipofika akitafuta makanisa yaliyomo katika orodha ya kodi ya kanisa ya 1306, akaitambua sehemu ya chini ya mnara wa kengele.

"Monasteri ni jengo moja kubwa." Mtindo huo ulifika baadaye, Wabenedikto wenyewe (watawa wafuatao kanuni ya Mtakatifu Benedikto) waliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 12, tena wachache. Wamonaki wa awali waliishi kama kijiji: kanisa katikati, karakana na makazi kwenye ua unaofuata.

"Ukuta wote unaouona ni wa kale." La. Mchimbaji wa mambo ya kale H. C. Lawlor alichimba kati ya 1922 na 1924, kisha akajenga upya sehemu ya kuta na upande wa magharibi wa kanisa. Saa ya jua iliyo pembeni mwa kanisa imeunganishwa kutokana na vipande. Hasara kubwa zaidi ni kwamba hakuandika vya kutosha kila kitu kilitoka tabaka gani la udongo. Kwa mfano, kalamu ya chuma isiyojulikana tabaka lake hukadiriwa umri kwa umbo tu.

"Waviking waliichoma mwaka 976." Kumbukumbu za mwaka huo zinasema abate, mkuu wa monasteri, aliteketea ndani ya nyumba yake. Hazimtaji aliyewasha moto. Na udongo ulioungua hausemi nani aliuwasha moto. Hata jiko la kupikia huweza kuunguza nyumba ya miti.

"Wamonaki kazi yao ilikuwa kusali tu." Hapa ndipo dhana inapovunjika kabisa, maana ufukweni kimefukuliwa kinu cha kusagia nafaka kilichoendeshwa na maji kujaa na kupwa. Boma, yaani ukuta wa kuzuia maji, lilifanya bwawa. Maji yakijaa huingia bwawani, kisha mlango hufungwa. Lazima kungoja yapwe mpaka gurudumu liwe juu ya maji, kwani likizama halizunguki. Ndipo maji ya bwawa huachiwa kwenye mfereji mwembamba, yakapiga makafi ya gurudumu lililolala. Mhimili wake unapanda moja kwa moja hadi jiwe la juu la kusagia, bila meno ya kubadili kasi: gurudumu likizunguka mara moja, jiwe nalo mara moja. Kusaga kuliwezekana mara mbili kwa siku, na saa yake ilisogea kila siku kwa dakika kama 50. Msagaji alifuata bahari, hata usiku wa manane.

"Mtakatifu Mochaoi, mwanzilishi wa monasteri, aliishi karne ya 5, basi magofu ni ya wakati huo." Hayo ni mapokeo. Tarehe thabiti zimetoka kwenye mbao za mwaloni za vinu viwili vilivyofuatana pale ufukweni. Upana wa pete za ukuaji hupimwa moja baada ya nyingine, kisha mfuatano wake hulinganishwa na ule wa mialoni ya Ireland ambao miaka yake inajulikana. Pete ya mwisho chini ya gome ikiwepo, mwaka wa kukatwa mti hupatikana barabara. Fundi akiwa ameichonga ikaondoka, hubaki makadirio. Kinu kimoja ni cha 787, na kilichokitangulia cha 619. Huo ni mwaka wa mti kukatwa, si wa monasteri kuanzishwa, ingawa boma la namna ile halijengwi na watu waliofika jana.