Nili haikolezwi kwa kulowekwa usiku kucha

Wanaojifunza shibori, ufundi wa Kijapani wa kufunga, kukunja na kushona kitambaa kabla ya kukitia rangi, huambiwa wakiloweke usiku kucha ili buluu ikolee. Sivyo. Nili, rangi ya buluu itokanayo na majani, haiyeyuki kwenye maji matupu. Huko Tokushima, Japani, majani ya nili yaliyovundikwa huchachushwa pipani kwa maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano. Bakteria huigeuza nili ikayeyuka, ikawa ya kijani-manjano. Kitambaa kikichovywa humo na kutolewa, hewa huirudishia ubuluu wake, nayo ikanasa ndani ya nyuzi. Kinachokoleza ni kuchovya, kupeperusha, kisha kuchovya tena, hata mara kumi na zaidi. Kuloweka kupita kiasi kwaweza kuirudisha rangi pipani! Na siki, inayosifiwa sana, haishikizi nili.